Siku ya Ndugu Wawili

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Bwana Subiri. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa ameketi kwenye chumba cha simu nyuma ya mapokezi, vipokea sauti masikioni, na kila aliyepiga alisikia maneno yale yale kwa sauti ile ile ya taratibu: "Subiri kidogo, nakuunganisha." Jina likamganda kama gundi ya viatu, naye hakulichukia.

Alikuwa haoni. Namba za ndani za hospitali nzima, mia nne na kumi, alikuwa nazo kichwani, kuanzia chumba cha upasuaji mpaka stoo ya mifagio. Sauti za watu nazo alizihifadhi. Muuguzi akipiga simu huku mafua yanamnyemelea bila mwenyewe kujua, Bwana Subiri alimwambia, "Dada, kanywe kitu cha moto, kesho hutaamka," na kesho yake kweli dada haonekani kazini. Madaktari walimtania kwamba siku akiacha kazi itabidi waajiri watu wanne na mganga mmoja.

Macho yake yaliondoka na surua akiwa na miaka kumi na mmoja. Wakati huo familia yao iliishi kwenye mji mdogo wa pwani, mbali na jiji hili ambalo nalo liko pwani. Baba yao alikuwa karani wa forodha kule. Homa ilipozidi walimpakia kwenye basi wamlete hospitali kubwa. Akakaa dirishani, amemwegemea mama yake. Basi likapita kando ya ukuta mrefu wa mawe uliozuia bahari isiingie barabarani. Juu ya ukuta mtu alikuwa ameanika mashuka meupe ya nyumba ya wageni, na nyuma ya mashuka kulikuwa na maji, ya kijani kwa karibu, ya buluu kwa mbali. Mtoto alitazama mpaka basi likakata kona. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokiona sawasawa. Yaliyofuata yalikuwa ukungu, na baada ya wiki mbili hata huo ukungu ukaisha.

Hawakurudi kuishi kule. Walibaki jijini, na kaka yake, aliyemzidi miaka minne, ndiye aliyemfundisha kutembea upya. Alimpeleka shule amemshika mkono. Alipigana na watoto waliomwekea mawe njiani ili aanguke wacheke. Alimsomea magazeti, alimsomea mabango ya barabarani, alimwambia ni msichana gani mzuri na nani anajipaka poda tu. Watu husema fulani ni macho yangu kwa mapenzi tu; kwa hawa wawili lilikuwa jambo la kila siku, kama kula. Bwana Subiri alipooa, mkewe, fundi wa kushona sare za shule, alikuta tayari kuna mtu ambaye neno lake ndani ya nyumba halihojiwi.

Kaka akaja kuwa mwalimu wa udereva, na gari lake la kufundishia, lile lenye breki mbili. Miaka sita kabla ya mambo haya, mama yao alipokwisha kuzikwa na wageni wametawanyika, Bwana Subiri alimwambia, "Kaka, kitu kimoja nakitamani kabla sijafa. Nikakae tena pale ukutani."

"Hicho tu?" kaka akasema. "Jumamosi twende."

Wakaenda. Na tangu mwaka huo, kila mvua zikikatika, walichagua Jumamosi moja wakaenda tena. Kaka aliiita siku ya ndugu wawili. Wake na watoto hawakualikwa. Walitoka saa moja asubuhi, na muda wote njiani kaka alikuwa anasimulia. Sasa tumeliacha jiji. Sasa ni mashamba, mahindi yamefika kiunoni. Sasa daraja hilo, sikia. Na kweli sauti ya matairi ilibadilika. Baada ya saa mbili gari lilisimama, mlango ukafunguliwa, upepo wa chumvi ukampiga usoni Bwana Subiri, na kaka akamwelekeza mpaka kwenye benchi la saruji. "Ukuta uko nyuma yako, hatua tatu. Wameupaka chokaa mwaka huu." Wakala mkate na samaki wa kukaanga waliofungwa na shemeji. Bwana Subiri aligeuza uso wake upande wa mawimbi, na nyuma ya kope zake yale mashuka yakawa yanapepea. Alirudi nyumbani mtu mwingine, na kwa miezi mitatu minne kila aliyepita chumba cha simu alisimuliwa.

Kulikuwa pia na Mzee Spoku, fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na ule ukuta. Walipokuwa wadogo aliwaazima baiskeli bila malipo, mradi tu waoshe mikono kabla ya kushika usukani. Bwana Subiri alipomuulizia, kaka alimwambia yupo, lakini masikio yameziba na miguu imekataa, kwa hiyo kaka alikuwa anavuka yeye kwenda kumsalimia na kurudi na salamu. Mwaka wa tatu Bwana Subiri alimnunulia mzee redio ndogo ya betri yenye sauti kali. Kaka akavuka nayo, akakaa kama dakika kumi, akarudi. "Anasema sasa upweke umepata dawa. Amelia, mdogo wangu." Bwana Subiri naye akalia palepale kwenye benchi, hakujificha.

Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho wake kazini, na wazo likamjia la kumchukua mkewe. Miaka yote hiyo mama wa watu alikuwa anabaki na cherehani yake bila kulalamika. Tena alitaka safari hii aipange mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, kwa basi, ili kaka apumzike na mkewe ashangae. Akatoa karatasi zake za nukta nundu na kuanza kuandika: basi la saa ngapi, wapi pa kula, choo cha karibu kiko wapi, jua likiwa kali watajificha wapi. Aliyapanga kama mtu anayepanga harusi. Halafu akafanya alichokijua kuliko vyote duniani. Mchana mmoja simu zilipotulia, alipiga simu.

"Halmashauri ya mji, nikusaidie?" ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake vitufe vikibonyezwa.

"Wewe ni opareta," Bwana Subiri akasema kwa furaha. "Mimi pia. Hospitali kuu, jijini. Miaka ishirini na tisa."

"Weee! Shikamoo, baba. Mimi mwaka wa tisa tu, na shingo tayari inaniuma."

Wakacheka. Akamweleza shida yake, naye mwanamke akawa tayari kumsaidia mpaka mwisho. Watu wa simu wana undugu wao. Basi zuri ni la saa kumi na mbili asubuhi, akasema, linafika saa tatu na nusu.

"Saa tatu na nusu nzima njiani? Sisi na gari dogo tunatumia mbili."

"Labda mnaruka, baba. Na mkifika pale shule ya msingi ndiyo mtakoma, maana yale matuta hayana huruma. Ishirini na mawili, nimeyahesabu mwenyewe, kutoka shuleni mpaka stendi. Lori liligonga watoto ndipo wakayaweka. Mgongo wa mama shikilieni vizuri."

Bwana Subiri aliyatafuta matuta hayo kwenye kumbukumbu zake. Tuta moja mtu anaweza kulisahau. Ishirini na mawili?

"Yana muda gani hayo matuta?"

"Yana miaka saba au minane sasa."

"Haya," akasema, na bado alikuwa hajaelewa, au sikio lilikuwa limeelewa na moyo bado. "Na pale kwenye ukuta wa bahari, kwenye yale mabenchi ya saruji, kuna kivuli?"

"Ukuta upi, baba? Ule wa mawe? Ulibomolewa zamani, wakajenga soko la samaki. Pale sasa ni ndoo na barafu na kelele tu. Benchi hakuna."

Simu nyingine ilikuwa inalia pembeni yake. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hakuipokea.

"Mwanangu," akasema, "unamfahamu mzee mmoja fundi baiskeli, walikuwa wanamwita Spoku?"

"Nani asiyemfahamu Mzee Spoku! Lakini yule amefariki, baba. Pole. Alizikwa mwezi ule ule nilioanza kazi hapa."

"Wewe una miaka tisa hapo."

"Ndiyo, baba. Tisa."

Akamshukuru. Akakata simu vizuri, kama mtu mwenye adabu. Halafu akaziunganisha simu zilizokuwa zinasubiri, moja baada ya nyingine, na hakukosea hata namba moja. Mtu wa mapokezi alisema baadaye kwamba siku hiyo sauti yake ilikuwa kama ya mashine.

Alijaribu kumtetea kaka yake. Hilo lazima lisemwe. Njia nzima ya kurudi nyumbani, fimbo yake ikigonga ukingo wa barabara, alikuwa wakili. Pengine yule dada anachanganya. Pengine kuna ukuta mwingine na njia nyingine. Lakini maiti haina njia nyingine, na mtu aliyezikwa miaka tisa iliyopita hawezi kulia kwa kupewa redio miaka minne iliyopita.

Kesho yake akampigia binti wa kaka yake, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa anatengeneza nywele kwenye saluni. Mashine za kukaushia zilikuwa zinaunguruma.

"Shikamoo, Baba Mdogo!"

"Marahaba, mama. Nikuulize kitu kimoja, unijibu kama unavyomjibu Mungu. Zile Jumamosi, baba yako ananipeleka wapi?"

Mashine ziliendelea kuunguruma. Bwana Subiri aliujua ukimya wa kila aina: wa mtu anayetafuta kalamu, wa mtu anayelia, wa mtu aliyeweka simu mezani akaenda kunywa chai. Huu ulikuwa wa mtu aliyekamatwa.

"Baba Mdogo," msichana akasema kwa sauti ya chini, "nani amekuambia?"

Basi hapo hakukuwa na la kuuliza tena, lakini msichana alishaanza na hakuweza kuacha. Ni ufukwe wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasema, pale kulipokuwa na klabu ya kuogelea zamani. Ilikuwa dakika ishirini kutoka nyumbani kwake Bwana Subiri. Baba alikuwa anazunguka kwanza barabara ya mzunguko, mara tatu au nne, ili muda utimie. Daraja lilikuwa lile la juu ya reli. Mwaka jana alichukua na mwanafunzi aendeshe, apate mazoezi. Bwana Subiri akamkumbuka yule "rafiki" aliyesalimia mara moja tu asubuhi kisha akanyamaza siku nzima, na gia zilivyokuwa zinasaga meno.

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Na wadogo zako?"

"Sisi wote tunajua, Baba Mdogo. Baba alisema tusikuvunje moyo." Sasa alikuwa analia. "Na ile redio... iko dukani kwa mama. Nimekuwa nikiizima kila ukija."

Bwana Subiri alipokata simu aliketi na mikono magotini. Nyumba nzima ya kaka yake. Kila Jumapili aliyokwenda kula kule akasimulia mezani habari za mahindi yaliyofika kiunoni, watu sita walikuwa wanatazamana juu ya kichwa chake. Aliwahi kusikia watoto wakicheka na kukatizwa na mama yao, akadhani ni utoto. Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, na yeye nguo hiyo alikuwa amejifunika kwa miaka arobaini.

Hakumwambia mkewe. Alimpigia kaka yake, akasema kwa sauti ya kila siku, "Kaka, twende Jumamosi hii. Nataka kuaga mji kabla sijastaafu." Kaka akasema vema sana, mdogo wangu, tena hali ya hewa ni nzuri.

Jumamosi saa moja asubuhi akaketi kwenye kiti cha mbele, fimbo imekunjwa mapajani. Na kaka akaanza. Jiji hilo linaisha. Watu wanawahi shambani. Bwana Subiri alisikiliza kama hajawahi kusikiliza. Safari hii hakuufuata ulimi, aliifuata barabara. Kushoto. Kushoto tena. Kushoto. Harufu ya kiwanda cha ngozi, ambayo kila mwaka kaka alimwambia ni machinjio ya mji mdogo ulioko njiani, ilikuja, ikaondoka, na baada ya nusu saa ikaja tena.

"Machinjio mengine hayo?" akauliza.

"Siku hizi kila mji una yake," kaka akasema bila hata kumeza mate.

Kilichomtisha Bwana Subiri ni jinsi sauti ile ilivyokuwa tulivu. Alikuwa na uwezo wa kusikia mafua ya kesho kwenye koo la mtu asiyemjua, na miaka sita hakusikia uongo kwenye koo alilolijua kuliko yote. Hakuwahi kulisikiliza, ndiyo sababu. Sauti ya kaka haikuwa kitu cha kuchunguzwa. Nani huchunguza maji ya mtungi wa kwao?

"Daraja hilo," kaka akasema, na matairi yakalia juu ya reli.

"Tukifika pale shule ya msingi nishtue."

"Shule?"

"Kwenye yale matuta."

"Ah. Sawa." Kisha, baada ya kona moja, "Mbona wameyatoa."

Gari likasimama. Upepo ule ule, benchi lile lile. Bwana Subiri akaketi, na kwa mara ya kwanza akanyoosha mkono kwa nyuma, akainuka, akapiga hatua tatu, halafu nne, halafu saba. Hapakuwa na ukuta. Kidole chake kiligusa wavu wa waya wenye kutu.

"Mdogo wangu, angalia usijikate."

"Mzee Spoku hajambo?" akauliza akiwa ameushika ule wavu.

"Hajambo, nadhani. Ngoja nivuke nikamwone."

"Vuka."

Akazisikia nyayo za kaka yake zikienda, zikasimama si mbali, zikabaki hapo. Kiberiti kikawashwa. Kaka yake alikuwa anavuta sigara, hatua kumi na tano kutoka alipo, anapitisha muda. Miaka yote ndivyo ilivyokuwa, na upepo ulikuwa unaipeleka harufu upande mwingine. Leo upepo ulisema kweli, ukamletea yeye ule moshi.

Nyayo zikarudi. "Anakusalimu sana. Anasema—"

"Amekufa, kaka. Ana miaka tisa kaburini."

Bahari iliendelea na shughuli zake. Kaka akaketi kwenye benchi, na saruji ikatoa sauti ya mtu mzito.

"Ule mwaka wa kwanza gari lilichemka," akaanza. "Haki ya Mungu nilitaka kukupeleka. Likachemka kabla hatujaliacha jiji, nikawa nazunguka nikitafuta gereji, nikakuona ulivyofurahi pale kitini. Nikasema nikimwambia turudi, huyu atakufa kwa huzuni, mama ndiyo kwanza tumemzika. Nikakuleta hapa. Ukakaa, ukalia, ukasema asante. Ningesema nini?"

"Ungesema gari limechemka."

"Ulikuwa umefurahi!"

"Na mwaka wa pili?"

"Mwaka wa pili... ingekuwaje? Ningekupeleka kule ungejua tofauti."

"Na wa tatu? Nilipokupa redio?"

Kaka akapumua kwa nguvu, kama mtu anayepandisha gunia. Hapo ndipo hasira ya mwenye kosa ilipompata, maana mtu akikosa pa kukimbilia hugeuka akaja na pembe. "Sasa nikuambie ukweli? Kule ni mbali, mdogo wangu. Saa saba kwenda na kurudi, na mimi mgongo wangu huu, kwa ajili ya kukaa kwenye benchi. Bahari ni bahari. Chumvi ni ile ile, mawimbi ni yale yale. Wewe huoni. Kilichopungua kwako ni nini?"

Alipoulizwa baadaye ni neno gani lililomkata, Bwana Subiri hakutaja uongo, wala redio, wala kicheko cha watoto mezani. Alitaja hilo: *wewe huoni.* Watu wengi walikuwa wamemwambia hivyo maishani, makondakta, makarani, walimu. Huyu hakuwahi. Huyu ndiye aliyekuwa anawapiga waliosema.

Akaifungua fimbo yake. "Nenda nyumbani, kaka."

"Usiwe mtoto. Utarudije?"

"Nenda."

Kaka alibembeleza, akakemea, akabembeleza tena. Mwishowe mlango ukafungwa na gari likaondoka polepole, likasimama, likaondoka. Bwana Subiri akampigia simu mkewe, akamwambia aliko. Akamsikia akiuliza mara mbili, "Kiwanda cha sabuni? Kiwanda hiki cha hapa?" Kisha hakuuliza tena. Alifika kwa pikipiki baada ya dakika kumi na nane, na uzi bado umemng'ang'ania begani, akakaa naye kwenye benchi, na Bwana Subiri akamweleza yote.

"Njia ya mwongo ni fupi," mke akasema alipomaliza kusikiliza. "Ya shemeji ilikuwa fupi mpaka ikabidi aizungushe." Bwana Subiri akacheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kwikwi, na mkewe akamshika kichwa kama watoto wanavyoshikwa.

Wiki tatu baadaye walikwenda, wao wawili, kwa basi la saa kumi na mbili. Karatasi za nukta nundu zilikuwa mfukoni mwake. Yote yalikwenda kama alivyopanga: viti vya mbele, maji, kofia ya mama. Pale shuleni matuta yakaanza, na Bwana Subiri akayahesabu kwa sauti, moja, mawili, mpaka ishirini na mawili, na abiria wa nyuma akadhani amepagawa.

Yule opareta alikuwa amechukua ruhusa ya saa moja kuwapokea stendi. Mwanamke mnene, mchangamfu, alimshika Bwana Subiri mikono yote miwili. Akawafikisha sokoni, akawaonyesha ulipokuwa ukuta, akarudi kazini.

"Niambie kilichopo," Bwana Subiri akamwambia mkewe. "Usinipambie."

"Kuna maji machafu yanatiririka," mkewe akasema. "Kuna meza za zege na samaki. Paka watatu, mmoja hana mkia. Bahari inaonekana kipande tu, katikati ya majengo mawili. Imekaa rangi ya majivu. Mashuka hakuna."

Akashukuru. Wakasimama pale, watu wakiwapiga vikumbo na ndoo. Alingoja moyo wake ufanye kitu. Haukufanya. Alijaribu kuyaita mashuka yale nyuma ya kope, na yaliyokuja hayakuwa ya utotoni. Lilikuja benchi la saruji, mkate na samaki wa shemeji, sauti ya kaka ikisema mahindi yamefika kiunoni. Miaka sita ya uongo ilikuwa imekwenda kukaa juu ya kumbukumbu ile, kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba, na sasa alipomwondoa mgeni, kiti nacho hakikuonekana. Hilo hakumwambia mkewe siku hiyo. Walikula kwenye kibanda kimoja, chakula kizuri tu, wakapanda basi la saa nane.

Alistaafu mwisho wa mwaka. Madaktari walimnunulia keki na saa inayosema. Kaka alikuja kwenye sherehe, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya hotuba.

Mwezi mmoja baadaye kaka alibisha hodi nyumbani kwake, jioni mapema. Mkewe akamkaribisha kwa sababu shemeji ni shemeji, akaweka chai, akaenda kwenye cherehani yake chumba cha pili, lakini cherehani haikulia.

"Mdogo wangu," kaka akasema. "Nimekuja kukuomba radhi. Nimezeeka, sina maneno mengi. Nilikukosea. Sikukutendea kama ndugu."

Bwana Subiri alimsikiliza, safari hii kwa sikio la kazini. Sauti ilikuwa ya kweli. Ilikuwa na kikohozi chini yake, na aibu, na hofu ya mtu ambaye hajui akitoka hapo ataingia nyumba gani nyingine jijini aitwe ndugu. Yote aliyasikia. Alijua pia neno linalongojewa, na alilitafuta kwa uaminifu, akapapasa kila mahali, hakulipata.

"Nimekusikia, kaka," akasema.

Wakakaa. Chai ikapoa. Baada ya muda kaka akaulizia habari za tangi la maji lililokuwa linavuja, na Bwana Subiri akamwambia fundi amekuja mara mbili na bado linavuja.

"Fundi gani huyo?"

"Yule wa mtaa wa juu."

"Ah, yule si fundi, yule ni mchuuzi wa mabomba. Nitakuletea mwingine."

"Usijisumbue," Bwana Subiri akasema. "Nitamtafuta mwenyewe."